Kuivika Kayaki Nguo kwa Pesa Chache: Jibu kwa Kijana wa Matondoni

Swali lilikuwa hili: "Assalamu alaykum fundi. Mimi ni kijana wa Matondoni, hapa Lamu. Nimeunda kiunzi cha kayaki, kile chombo chembamba cha kupiga kafi, cha futi 16 kwa mbao za sapresi, mataruma (mbavu za chombo) nimeyapinda kwa fito, na viungo vyote nimevifunga kwa uzi, hakuna msumari. Sasa nimekwama kwenye kukifunika. Nimebakiwa na shilingi 9,000. Mmoja aniambia ninunue turubai la plastiki la buluu, mwengine asema faibaglasi, mwengine asema nguo yoyote ile kisha niipake lami. Ami yangu ni fundi wa mashua, naye asema chombo cha nguo si chombo. Na je, kiunzi nikipake mafuta gani kwanza? Nataka kuvulia nayo kandokando ya mikoko na kuvuka mpaka kisiwa cha Manda."

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nianze na ami yako, maana maneno ya fundi wa Matondoni hayapitwi hivihivi. Mtu aliyekulia kwenye mbao za mwembe na mbambakofi, kalafati ya pamba na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, akiona nguo mahali pa ubao lazima ashtuke. Mkumbushe mtepe. Wazee wetu wa visiwa hivi walishona mbao kwa kamba za usumba na vigingi vya mti, wakasafiri na chombo kisicho na msumari wa chuma, nacho kilinyumbuka na mawimbi pasipo kupasuka. Kayaki ni jamaa wa mbali wa mtepe kwa jambo hilo. Watu wa Greenland na pwani nyengine za barafu hawakuwa na msitu wa kukata. Waliokota magogo yaliyoletwa na bahari, wakayachonga, wakayafunga, wakayavika ngozi ya sili. Waliokuwa wakishona ni wanawake, kwa mshono ambao sindano haitokezi upande wa pili wa ngozi, ili maji yasipate tundu la kupita. Baadaye ngozi zilipokuwa adimu wengi walivika turubai wakalipaka rangi, na chombo kikabaki kuwa chombo.

Hata hivyo ami yako ana haki upande mmoja, na hapo ndipo hesabu ya pesa zako inapoanzia. Nguo huchakaa. Itakwaruzwa na chaza, itachomwa na jua, na baada ya miaka kadhaa utaivua uvike mpya. Kiunzi ndicho utakachobaki nacho. Kwa hivyo usinunue chochote cha kukifunika kabla hujakimaliza kiunzi chenyewe. Ninaona vijana wengi wakifanya kinyume: pesa zote kwenye nguo, kiunzi kinaachwa kikavu na chenye kona kali, na mwaka wa pili mbao zimeshaanza kuoza ndani ya nguo ambayo bado nzima.

Kaa nacho siku moja zaidi ya unavyodhani yatosha. Simama tezi, yaani nyuma ya chombo, ufumbe jicho moja, tazama mpaka omo, mbele. Kama mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, umepinda, legeza vifungo viwili vitatu, unyooshe, ufunge tena. Nguo haitaunyoosha, itaugandisha vivyo hivyo ulivyopinda, na kayaki iliyopinda hukupeleka upande mmoja safari nzima. Kisha pitisha kidole kwenye kila mbao itakayogusa nguo: mkuku, mbao ndefu za ubavuni, mibao miwili ya juu, ncha za omo na tezi. Kona zote ziwe za mviringo. Ukishapiga msasa, chukua kipande cha buibui kuukuu, kile kitambaa chepesi kinachoteleza, ukiburure juu ya kiunzi kizima. Popote kitakaponasa, hata kwa uzi mmoja, ndipo nguo ya chombo itakapotoboka. Rudia msasa hapo. Kazi hii ni ya bure, nayo inaongeza maisha ya nguo kuliko rangi yoyote ya bei.

Angalia pia mataruma. Hayo hayatakiwi kugusa nguo hata kidogo. Nguo ilale juu ya mkuku na mbao ndefu peke yake, na mataruma yabaki ndani kidogo, angalau unene wa kidole. Taruma likigusa, litaonekana kwa nje kama ubavu wa mbwa mwenye njaa, litakokota maji, na ndipo patakapokwaruzika kwanza. Umesema umetumia fito. Kama ni fito za mikoko, ni ngumu na hazivunjiki upesi, ila ni nzito. Ukiona moja imetokeza, usiikate ukaidhoofisha. Tia kipande chembamba cha ubao chini ya mbao ndefu ya ubavuni ili kuiinua. Na vifungo vyako, kama fundo limekaa upande wa nje, lizungushe liingie ndani.

Sasa mafuta. Kiunzi cha sapresi kipake mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa madukani kwa ajili ya mbao. Mkono wa kwanza yachanganye nusu kwa nusu na tapentaini ili yapenye, hasa kwenye ncha za mbao na ndani ya matundu, kwa sababu maji huingilia hapo. Mkono wa pili na wa tatu yapake bila kuchanganya, subiri robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu. Usiache hata tone lililosimama. Mafuta ya kitani yakiachwa mazito hayakauki, hunatanata na kukamata vumbi. Pima kwa kitambaa cheupe: ukisugua kikatoka cheupe, yamekauka. Wakati wa upepo wa kaskazi kila mkono huchukua siku mbili tatu. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimeshika, waweza kusubiri wiki.

Nakuonya jambo moja kwa moyo wangu wote, kwa sababu liliwahi karibu kuniteketezea banda. Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa huweza kuwaka chenyewe bila mtu kukiwasha. Mimi nilikuta moshi unatoka kwenye ndoo ya vitambaa chini ya paa la makuti, na mji wetu unajua moto wa makuti. Vitandaze kimoja kimoja juani mpaka vikakamae, au vitumbukize ndani ya maji.

Utaambiwa utumie mafuta ya nazi kwa kuwa yapo nyumbani. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Yatabaki mabichi, yatachacha, na rangi ya nguo ikiyagusa itabanduka. Sifa ni nzuri kwa mashua ya ami yako, iliyo wazi na yenye kupigwa na upepo, lakini wewe utakaa miguu yako ikiwa ndani ya chombo kilichofungwa juu, na harufu hiyo utalala nayo. Mafuta machafu ya injini ndiyo mabaya kuliko yote: yanaharibu nguo, yanadhuru ngozi yako, na yakivuja yanachafua mkondo unaovulia.

Tuje kwenye nguo, maana najua ndilo lililokufanya uandike.

Turubai la plastiki la buluu liache liwe la kufunikia mchanga na saruji. Ni nyuzi za plastiki ambayo rangi haishiki juu yake. Ya kwanza niliyoivika mimi ilikuwa hiyo, na rangi niliyoipaka kwa siku tatu ilibambuka kwa wiki moja kama gamba la nyoka. Jua la huku likaimaliza plastiki yenyewe, ikawa inakatika kwa ukucha. Faibaglasi nayo ni mlango mwengine kabisa. Resini, ile gundi yake, ikikauka ni ngumu kama kigae, na kiunzi chako kimefungwa kwa uzi ili kinyumbuke. Kimoja kitamvunja mwenzake, na tayari chombo kitakuwa kizito na pesa zako zimekwisha kabla ya nusu. Lami ni rahisi, kweli, lakini kwa joto la saa nane mchana hapa kwetu inalainika, inashika mchanga, inashika nguo zako, inashika kila kitu isipokuwa mahali ulipoipaka. Nimesikia pia vijana wanaoyeyusha yale maboksi meupe ya kubebea samaki ndani ya petroli na kupaka uji wake. Usijaribu. Mvuke wa petroli unatafuta cheche, na kile kinachobaki juu ya nguo ni ganda kavu linalopasuka mara ya kwanza chombo kikijinyonga kwenye wimbi.

Kuna turubai la lori, lile zito la kung'aa ambalo maji hayapiti. Hilo si baya. Halihitaji rangi, na chaza halilikati upesi. Kasoro zake ni uzito, halikazi lenyewe kwa hivyo litabaki na mikunjo omo na tezi, na kila tundu la sindano unalolitoboa litavuja mpaka ulizibe kwa ukanda uliogundishwa juu ya mshono. Ukipata kipande kizima cha bei nafuu kutoka kwa mwenye lori, usikikatae.

Ughaibuni wenye pesa huvika nailoni nzito na kuipaka rangi ya poliuretani ya kuchanganya makopo mawili. Nailoni haina mfano kwa ugumu, lakini ina tabia ya kunyooka ikipata unyevu, na hewa yetu ni unyevu mtupu. Asubuhi utaikuta imelegea kama ngozi ya ngoma iliyonyeshewa. Poliesta haina tabia hiyo, na hukazika kwa pasi ya moto wa kiasi. Ukiipata isiyopakwa kitu, ya uzito wa kutosha, inunue. Lakini kwa shilingi 9,000 na kwa kutegemea maduka ya Amu, mji wetu wa Lamu, mimi nitakupa nguo ambayo babu zetu waliifahamu: turubai la pamba, lile la kushonea matanga, lisilotiwa nta wala dawa.

Nalipendelea kwa sababu tatu. Linapatikana kwa mafundi wa matanga, au wao watakwambia waliagiza wapi. Linashonwa kwa mkono bila taabu. Na kubwa zaidi, likilowa mara ya kwanza hujikaza lenyewe, likawa kama ngoma, na kukusamehe makosa madogo ya ushonaji. Ubaya wake ni kuoza likikaa na unyevu, na hilo liko mikononi mwako.

Ukienda kununua, nenda na kiberiti na kichupa cha maji. Chomoa nyuzi mbili tatu za ukingo, toka nje ya duka, zichome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Zikiyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu, umeuziwa poliesta au mchanganyiko. Kisha tia tone la maji juu ya turubai. Likinywewa, ni lenyewe. Likisimama kama tone juu ya jani la mgomba, limetiwa nta, na rangi haitashika. Uzito unaofaa ni kati ya gramu 400 na 500 kwa mita ya mraba, yaani kipande cha mita 1 chenye upana wa mita 1.5 kiwe kati ya gramu 600 na 750 kwenye mizani ya duka. Jepesi zaidi ya hapo lafaa sitaha tu.

Usishawishike na tanga kuukuu, hata ukipewa bure. Tanga limeshalowa na kukauka mara elfu, halina tena mkazo wa kutoa, na lina chumvi ndani inayovuta unyevu chini ya rangi. Lishike mbele ya mwanga, choma sindano, vuta. Nyingi hupasuka kwa kidole.

Kipimo: kayaki ya futi 16 ni kama mita 4.9, basi nunua mita 5.5. Upana upate kwa kuzungusha utepe kwenye sehemu nene kabisa ya kiunzi, chini mpaka juu na kurudi, halafu ongeza shubiri moja ya kushikia na kukunja. Chombo cha mtu mmoja mara nyingi huhitaji nguo ya mita moja na nusu hivi. Ukikosa upana huo, unganisha vipande viwili kwa mshono bapa uliokunjwa pande zote mbili, lakini muungano huo uukalishe ubavuni au juu. Chini ya mkuku usiweke mshono abadani, maana hapo ndipo unapoburura ukishuka ufuoni.

Usilifue wala kulilowesha turubai kabla ya kushona. Nalirudia hili kwa sababu kila mwaka kuna mtu huniletea kilio chake: alilifua "litoke wanga", likanywea nyumbani juu ya kamba ya kuanikia, na juu ya chombo likabaki limelegea. Mnyweo ule wa kwanza ni mali. Uache utumike juu ya kiunzi.

Uzi ndio mahali ambapo sitakuruhusu upunguze. Uzi wa pamba utaoza kabla ya nguo. Mshipi wa kuvulia, ule wa plastiki mmoja mtupu, unakata turubai na fundo lake hufunguka. Tumia uzi wa poliesta wa kushonea matanga, uupitishe kwenye nta ya nyuki kila urefu wa mkono unaokata, utateleza vizuri na utajaza tundu lake. Sindano iwe dofra nyembamba, ile ya kushonea matanga. Shazia, ile sindano nene ya magodoro, inaacha matundu yanayotaka lita nzima ya rangi kuzibika. Na kama nyumbani kuna mtu anayeshona kofia za vito, mkalishe karibu nawe. Mkono uliozoea vitundu vya kofia hauchoki na haurukii hatua, nao utakufunza subira ambayo mimi siwezi kukuandikia.

Kabla ya kushona, weka ndani kila kitu ambacho hakitapita kwenye tundu la kukalia: kibao cha kukanyagia miguu, na vitanzi vya kamba vya kubebea omo na tezi.

Mwenyewe nashona hivi. Kiunzi kinalazwa kifudifudi, turubai linatandazwa juu yake, na mstari wa katikati nimeuchora kwa chaki ulale sawasawa juu ya mkuku. Ncha ya omo naishona kama mfuko mdogo na kuivalisha. Kisha natembea mpaka tezi, navuta nguo kwa urefu kwa mikono yote miwili, na kushona mfuko wa pili hapo ilipofika. Mvuto wa urefu hutangulia, kwa kuwa ukianza na upana mikunjo ya omo na tezi haitatoka tena. Halafu nakigeuza chombo. Nashona kwa uzi mrefu wa kupita na kurudi, ukingo kwa ukingo, juu ya sitaha, kama mtu anayefunga kamba za viatu, kila upana wa kiganja tundu moja, nikianzia katikati kwenda omo na katikati kwenda tezi. Narudia kuukaza mara mbili au tatu. Kaza kwa nguvu za mkono, usitie goti. Pamba ikinywea ina nguvu kuliko unavyodhani. Niliwahi kuivuta kwa goti nikaona fahari, na usiku ule baada ya kuilowesha nikasikia mlio: taruma mbili zilikuwa zimekatika na mkuku umepinda kama upinde.

Nguo ikishatulia ndipo ushone mshono wenyewe. Safu ya kwanza hukutanisha kingo mbili katikati ya sitaha, hatua ya sentimita 1, kila hatua ikivutwa. Punguza ziada ubakishe upana wa vidole viwili, ikunje ndani kwa ndani, kisha safu ya pili uishone juu ya mkunjo huo. Kwenye tundu la kukalia, kata nguo kidogo kidogo, igeuze juu ya pete ya mbao na uishone kwa kupitia matundu uliyoyatoboa kwenye pete. Hapo usiharakishe, kwa sababu mikono yako ndipo itakaposhika kila ukiingia na kutoka.

Sasa mwagia maji ya kisima, maji baridi yasiyo na chumvi, nguo yote ilowe. Utaiona ikijivuta mbele ya macho yako, na mikunjo iliyokukera itafutika. Iache kivulini ikauke kabisa, siku mbili kwa uchache. Rangi juu ya unyevu inafungia ukungu ndani.

Rangi nunua ya mafuta, ile ya kupakia milango na madirisha ya nje, debe la lita 4. Rangi ya maji ya kupakia kuta za ndani haiwezi kukaa baharini. Mkono wa kwanza ipunguze kidogo kwa tapentaini na uisukume ndani ya nyuzi kwa brashi ngumu, kwa duara, kidogo kidogo. Nguo itakunywa karibu lita nzima na zaidi, usitishike. Isiwe nyepesi kiasi cha kudondoka ndani na kugandisha nguo kwenye mbao, maana siku ya kuivua itakuwa kilio. Mkono wa pili na wa tatu ipake kama ilivyo, kila mmoja ukisubiri siku moja au mbili na kupitiwa msasa laini. Baada ya hapo simama. Rangi nene huongeza uzito na hupasuka, ilhali tabaka tatu nyembamba hukunjika pamoja na nguo.

Kabla ya mkono wa tatu, kata ukanda wa turubai wa upana wa vidole vinne, urefu wa mkuku wote. Paka rangi nzito mahali utakapokaa, ulaze ukanda juu yake ingali mbichi, ukandamize hewa itoke, uupake tena juu. Huo ni kiraka kabla ya jeraha. Sisi ufuo wetu una matumbawe, na mizizi ya mikoko imevaa chaza wakali kama wembe. Nusu ya matobo yote ninayoletewa ningeyazuia kwa ukanda huo.

Kuhusu rangi gani: chini na ubavuni iwe nyeupe au ya kupauka, kwa sababu rangi nyeusi inakula jua na kuichoma pamba. Lakini chombo cheupe katikati ya povu la mawimbi hakionekani, na mkondo wa Manda una boti za injini zinazopita kwa kasi asubuhi na jioni. Sitaha ya omo na tezi, na vibapa vya kafi lako, vipake manjano iliyokoza au rangi ya chungwa. Nahodha akuone kabla hajakufikia.

Pesa zako zigawe hivi: nusu iende kwenye turubai, kama robo kwenye rangi na tapentaini, na robo iliyobaki itoshe mafuta ya kitani, uzi, nta na msasa. Bei hupanda. Zikipungua, paka sitaha mikono miwili badala ya mitatu, au subiri mwezi. Uzi na mafuta ya kitani viache vilivyo. Kiti usinunue kabisa. Ndara zilizotupwa ufuoni zipo za kutosha, na waliounda Flipflopi hapa Lamu, jahazi lililoshushwa majini 2018, walitumia plastiki taka kwa chombo kizima na ndara kwa kukipamba. Kata nyayo zake, zioshe, zigundishe kwa gundi ya mafundi viatu, utapata mto wa kukalia na wa mgongo usionyonya maji.

Ila kuna kitu kimoja ambacho huna ruhusa yangu ya kuingia majini bila hicho. Kayaki ya nguo haina chumba kilichozibwa. Ikipinduka inajaa maji, zaidi ya lita 200, na mtu mmoja hawezi kuyachota yote kwa upo. Tafuta tyubu mbili za pikipiki au gari zisizo na tobo. Ziingize zikiwa tupu kupitia tundu la kukalia, moja omo na moja tezi, zijaze kwa pampu ya baiskeli zikiwa huko huko, na uzifunge kwenye mihimili ya sitaha zisichomoke. Usizijaze mpaka mwisho, kwa sababu jua likizipiga hewa hutanuka, na mshono wako ndio utakaolipa. Chombo kikijaa, tyubu hizo zitachukua nafasi ya maji na kukiweka juu mpaka usaidiwe. Jaketi la kujiokolea livae mwilini, usilifunge juu ya sitaha.

Siku ya kwanza ichague ya maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, si bamvua, asubuhi kabla upepo haujaamka. Wakati wa bamvua maji ya mikondo yetu huenda kama mto, na kafi la mwanafunzi haliwezi kurudi nyuma. Kaa mahali maji yanapofika kiunoni, na mtu wa pili akiwa kando. Pinduka kwa makusudi mara mbili tatu, ujue kutoka. Uvukaji wa Manda utakuja baadaye, na upepo wa kusi ukishika uache kabisa mpaka mikono yako imezoea.

Ukiingia, osha miguu kwanza. Mchanga ukinasa kati ya nguo na mkuku hufanya kazi ya msasa kila unapopiga kafi, na tobo litatokea kwa ndani mahali usipopaona. Ukirudi, suuza kwa maji ya kisima ndani na nje, pindua kifudifudi juu ya magogo mawili chini ya makuti, kivulini, upepo ukipita chini yake, mbali na mchwa na mbali na njia ya punda. Ukiilaza juani au juu ya mchanga mbichi, usinilaumu kwa pamba.

Safari ya kwanza ikiisha, kabla haijakauka, ingiza kichwa na tochi ndani na utazame mshono na mkuku. Utaona vidoa viwili vitatu vya maji, hilo ni la kawaida kwa nguo mpya. Vizungushie chaki kwa nje. Kesho vikishakauka, vitie rangi kwa ncha ya brashi, uisukume mpaka izame. Ukitobolewa ukiwa mbali, futa mahali hapo pakauke, sugua nta ya nyuki ndani ya tobo kwa kidole gumba, na urudi pwani polepole. Kiraka cha kweli utakishona nyumbani, kwa uzi uleule, na kopo la rangi uliyoibakisha kwa ajili hiyo.